Nimeziba jino siku tano zilizopita, mbona maji baridi bado yananichoma?

Swali: Shikamoo daktari. Nimeziba gego la chini upande wa kulia, leo siku ya tano. Wameniwekea ile nyeupe, na daktari alisema tundu lilikuwa kubwa kiasi ila halijafika kwenye mshipa. Shida yangu nikinywa maji ya baridi linashtuka, na nikitafuna upande ule nasikia kama nimeng'ata jiwe. Shemeji yangu ananiambia jino likishauma baada ya kuziba ndo basi tena, ni la kung'oa tu. Ni kweli? Na kwa sasa nilitunzeje, nipige mswaki kama kawaida au niliache lipumzike kwanza?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwanza mwambie shemeji atulie, hakuna mtu anang'oa jino kwa kosa la siku tano. Jino limechokonolewa na mashine, likapulizwa upepo mpaka likakauka, likapakwa asidi, likapakwa gundi, likapigwa taa, alafu kesho yake tunataka liwe kimya kama halijaguswa? Hata mguu ukijikwaa kidogo tu unaupa siku mbili tatu ndo uuvalie kiatu.

Ila umeniandikia maumivu mawili kwa mpigo kama vile ni kitu kimoja, na hapo ndo nataka tuanzie maana hayo mawili hayana mama mmoja. La maji baridi, hilo mara nyingi ni la kusubiri. La kutafuna, hilo la kung'ata jiwe, usilisubiri, rudi kwa daktari wako wiki hii hii. Ntakwambia kwa nini, alafu tuje kwenye mswaki.

Tuanze na baridi. Jino kwa nje ni enameli, hakuna kitu kigumu kuizidi kwenye mwili wako, hata mfupa hauifikii, na yenyewe haina hisia kabisa. Chini yake kuna dentini, na hii dentini ukiiangalia kwa hadubini utakuta ni vibomba vidogo vidogo mno vimepangana, makumi elfu ya vibomba kwenye milimita moja tu ya mraba, kila kimoja kina majimaji na vyote vinaelekea katikati ya jino, kwenye kiini, ambacho wengi mnakiita mshipa. Baridi ikipiga, yale majimaji yanasogea kidogo ndani ya bomba, na kule mwisho neva inavutwa, inashtuka, we unaruka. Ndo hivo tu. Sasa tundu lako lilikuwa kubwa, maana yake kati ya kizibo na kiini kimebaki kiukuta chembamba cha dentini, na kiini chenyewe kimevimba kidogo kwa purukushani za siku ile. Na kiini kina balaa lake, kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kutanukia, kidole kikibanwa na mlango kinavimba kinavyotaka lakini hiki kikivimba kidogo tu kinajibana chenyewe na kelele zake zinakuwa kubwa kuliko kosa. Kikipewa muda kinatulia. Na kama kina afya kinajenga hata dentini mpya kwa ndani, kinajiongezea ukuta wa kujikinga. Hiyo kazi ni ya wiki, sio ya siku, wiki mbili, tatu, nne, na kwa tundu refu nimeona watu wakipitisha hata mwezi ndo siku moja wanashtuka kwamba mbona siku hizi nakunywa maji ya friji bila kukumbuka kama niliziba.

Kwa hiyo usijiulize tu kama linashtuka. Jiulize likishashtuka linakaa muda gani. Chukua funda moja la maji ya baridi, lipeleke upande ule, meza, alafu hesabu taratibu moja, mbili, tatu. Kama mshtuko umekuja kama umeme ukaondoka kabla hujafika tano au kumi, hicho kiini ni kizima, kimeudhika tu. Kama umemeza maji, umehesabu mpaka thelathini na bado linavuta, linadunda, linapanda sikioni, hapo kiini kimeanza kuzidiwa na kusubiri-subiri hakusaidii. Kingine cha kuangalia ni mwelekeo: wiki hii ikiwa afadhali kuliko wiki iliyopita, hata kwa kidogo, unaenda vizuri. Ila jamani hiki kipimo fanya mara moja kwa siku mbili tatu, sio kila saa, nina mgonjwa mmoja alikuwa analijaribu jino kwa barafu asubuhi mchana na jioni alafu analalamika halitulii, litulie vipi na we unalichokoza?

Haya, sasa la kutafuna, na hapa ndo nakaa kidogo.

Siku unaziba ulikuwa umelala kwenye kiti, umepigwa ganzi nusu ya mdomo, taya limechoka kukaa wazi, daktari anakuwekea kale kakaratasi ka rangi anakwambia ng'ata, saga huku na huku. We unang'ata lakini unang'ata wapi? Hujui. Mdomo umekufa ganzi, taya linaenda linapotaka, rangi inaonyesha sehemu moja na kumbe ukiwa umekaa wima nyumbani unang'ata tofauti kabisa. Hivo inatokea, tena sana, na hata kwa daktari mzuri, kizibo kikabaki kimezidi urefu kidogo. Nikisema kidogo namaanisha kidogo kweli, unene wa karatasi unatosha, kwa sababu jino halijasimikwa kwenye mfupa kama msumari kwenye mbao, limening'inizwa na nyuzi nyuzi zinazolizunguka mzizi, na hizo nyuzi zina hisia kali ajabu, ndo maana hata unywele mmoja ukiwa kwenye chakula unaujua hapo hapo. Sasa kama kizibo kimezidi, kila ukifunga mdomo gego hilo ndo linatangulia kupokea kipigo kabla ya wenzake. Kila ukitafuna. Kila ukimeza mate karibu. Usiku ukisaga meno usingizini ndo usiseme. Nyuzi zinavimba, na jino likivimbiwa chini linainuka kidogo, likiinuka linapigwa zaidi, likipigwa zaidi linavimba zaidi.

Ndo maana nasema usisubiri. Watu wengi wanaambiwa eti litajizoelea, litajisaga lenyewe. Ile nyeupe, kompositi, haijisagi kwa wiki mbili. Unaweza ukavumilia miezi, na hicho kipigo cha kila siku kinakichosha kiini ambacho kilikuwa kinajaribu kupona, hata lile la baridi nalo linakataa kuondoka, kwa hiyo yale maumivu mawili niliyosema hayana mama mmoja yanaanza kusaidiana. Dawa yake ni dakika kumi za kwenye kiti, anaweka karatasi ya rangi tena, safari hii bila ganzi, anaona alama nene ilipo, anapunguza kidogo, unang'ata tena, anapunguza. Mara nyingi hata sindano haihitajiki maana anakwangua kizibo tu. Wengi wakitoka pale jino linatulia ndani ya siku chache, na wapo wanaosikia tofauti kabla hata hawajashuka kwenye kiti.

Utajuaje kama ndo hilo? Kaa wima, legeza taya, funga meno polepole sana kama mtu anayesinzia, usikilize ni jino gani linagusa kwanza. Likitangulia lile lililozibwa, umepata jibu. Ila kuna ndugu zake wawili wa kuwajua. Kuna wanaosema nikitafuna kwa nguvu haliumi, linauma pale ninapoachia, kale kamshale kakali wakati wa kuachia, hiyo inanitia wasiwasi wa ufa kwenye jino, na huyo namtaka aende mapema kabla ufa haujashuka. Na kuna ambaye kizibo hakijazidi kabisa, wamepunguza mara mbili, na bado akitafuna kitu kigumu anachomwa. Hapo inawezekana gundi haikushika vizuri chini, kuna kiupenyo, ukitafuna kizibo kinabonyea kidogo kinasukuma yale majimaji ya kwenye vibomba. Huyo kupunguza hakumsaidii, inabidi kizibo kitolewe kiwekwe upya. Sikuandikii haya ukajitibu mwenyewe, nataka ukirudi uweze kusema ni aina gani, maana daktari akisikia tu jino linauma hana pa kuanzia.

Mpaka siku ya kurudi tafunia upande wa kushoto. Hiyo inatosha, huna haja ya kula uji wiki nzima.

Kuhusu kula kwa ujumla, watu wananiuliza sana kwamba nikae masaa mangapi, na jibu linategemea kilichowekwa. Hiyo yako nyeupe iliyopigwa taa ya bluu imeshakuwa ngumu kabla hujashuka kwenye kiti, unayesubiriwa ni we utoke ganzi. Na ganzi ya taya la chini inaweza kukaa masaa matatu mpaka matano kwenye mdomo na ulimi hata kama jino lenyewe limeshaanza kurudi, na hapo ndo watu wanajitafuna mashavu au wanakunywa chai ya moto wanaungua bila kujua. Watoto ndo wabaya zaidi, wanauona mdomo kama mchezo, wanautafuna mpaka unavimba, kwa hiyo ukimpeleka mtoto kuziba kaa naye macho mpaka ganzi iishe. Ile ya rangi ya fedha, amalgamu, inashika taratibu, nguvu yake kamili inaipata baada ya kama saa 24, hiyo usitafunie siku ya kwanza. Kuna nyeupe nyingine isiyong'aa sana, glasi ionoma, nayo ipe siku nzima ikomae, uzuri wake ni kwamba inatoa floraidi, yale madini ya kuimarisha jino, kidogo kidogo. Na kuna ya muda, ile inayonukia karafuu, hiyo imewekwa kulinda tu mpaka urudi, haikupewa kazi ya kutafuna mifupa. Mtu anaambiwa rudi baada ya wiki mbili anarudi baada ya miezi saba kisa haliumi, na huku chini uozo unaendelea na shughuli zake. Kama yako ni ya muda rudi tarehe uliyopewa, na usipoijua ni ipi uliza, ni haki yako kujua umewekewa nini mdomoni.

Sasa swali lako la mswaki, kuliacha jino lipumzike. Hapana kabisa. Hili nalisikia kila wiki na nalielewa, mtu anaona kitu kimetengenezwa juzi anaogopa kukibomoa, lakini mswaki haubomoi kizibo. Utando ndo unabomoa. Ule ute mweupe mlaini unaojikusanya kwenye meno ni makazi ya bakteria, na sehemu wanayoipenda kuliko zote ni mpakani, pale kizibo kinapokutana na jino, maana hata fundi awe bingwa vipi pale kuna mstari. Ukiacha wiki moja bila kupiga mswaki umewapa kiwanja na hati juu. Meno mengi yanayorudi kwangu kuzibwa mara ya pili kizibo chenyewe kinakuwa hakina neno, ni jino lililooza pembeni yake.

Kwa hiyo piga kuanzia usiku ule ule wa kwanza. Mswaki laini, sio ule wa kati wala mgumu, shika kama kalamu usishike kama shoka, ulaze kidogo nywele zake ziguse pale fizi inapokutana na jino, zungusha taratibu, dakika mbili kwa mdomo mzima, asubuhi na usiku. Wa usiku ndo mkubwa wao, ukilazimika kuruka mmoja usiruke huo, kwa sababu ukilala mate yanapungua na mate ndo mlinzi wako, mdomo unabaki bila mlinzi masaa saba. Dawa ya meno iwe na floraidi, angalia kwenye boksi iandikwe ppm kati ya 1000 na 1500, ndo kipimo cha floraidi, hizo ndo za mtu mzima. Alafu ukimaliza tema tu, usisukutue na maji. Najua inaonekana uchafu, wengi wetu tumekuzwa kusukutua kikombe kizima, lakini unaposukutua unaimwaga floraidi ambayo umeinunua wewe mwenyewe. Tema, futa mdomo, lala.

Kama baridi inakukera sana nunua ile dawa ya mswaki ya meno yanayoshtuka, zile zenye potasiamu nitreti, ila usitegemee muujiza wa siku moja, inataka wiki mbili mpaka nne za kutumia kila siku ndo neva zinatulia. Ukimaliza kupiga mswaki chukua kidogo kwa kidole paka pale pale kwenye jino liache. Na zile za mkaa na unga unga wa kung'arisha meno kaa nazo mbali, zinakwangua kizibo kinapoteza mng'ao wake na kikishakuwa kama msasa utando unashikilia vizuri zaidi.

Fizi ikitoka damu hapo kwenye gego siku mbili tatu za kwanza usitishike, wakati wa kuziba huwa tunabana chuma chembamba kuzunguka jino na fizi inapata mikwaruzo. Kikombe cha maji ya uvuguvugu, nusu kijiko kidogo cha chumvi, sukutua mara tatu nne kwa siku, tema. Na kama mdomo haufunguki vizuri au taya lina maumivu kule nyuma palipochomwa sindano, hiyo ni misuli iliyochomwa, weka kitambaa cha uvuguvugu na ufanye mazoezi ya kufungua na kufunga polepole, inaachia yenyewe ndani ya siku kadhaa.

Uzi wa meno je? Tumia, ila kama tundu lako lilikuwa ubavuni, kati ya jino na jino, kuna kitu nataka uangalie. Ingiza uzi taratibu kwa kuusaga mbele nyuma, usiudondoshe kwa kishindo. Uzi ukiwa unachanika chanika kila ukipita hapo, au unakwama mahali pamoja, kuna ukingo umebaki na makali, na huo ukingo ni ghala la uchafu. Na kama chakula kinajibana hapo kila ukila wakati zamani hakikuwa kinajibana, maana yake kizibo hakijagusana na jino jirani vizuri. Yote mawili mwambie daktari siku hiyo hiyo unayoenda kupunguziwa. Hili la chakula kubanana watu wanalichukulia poa, wanatembea na kijiti mfukoni maisha yao yote, na kile kijiti kinaishusha fizi mwaka hadi mwaka.

Sasa nikuulize na mimi. Hilo tundu lilitoka wapi?

Kwa sababu kuziba kumeondoa uozo, hakujaondoa sababu. Kile kilichotoboa gego hili bado kipo na kina magego mengine saba ya kuanzia, tena sijahesabu ya mwisho. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari wanatoa asidi ndani ya dakika chache, na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu ndo unazidi, ikienda chini ya 5.5 hivi enameli inaanza kupoteza madini, alafu mate yanachukua kama nusu saa au zaidi kuirudisha hali sawa. Sasa angalia hesabu ilivyo, mtu aliyekunywa soda yake yote kwa dakika tano na chakula cha mchana amelipiga jino mara moja. Aliyeiweka mezani akaionja funda moja moja kuanzia saa nne mpaka saa nane, soda ni ile ile moja, lakini jino lake halikupata hata nafasi ya kupumua. Hivo hivo pipi, hivo hivo chai ya sukari vikombe sita kwa siku kwa wale wa ofisini. Mimi sikukatazi sukari, nani ataacha, ninachokuomba uikusanye iende pamoja na chakula, katikati unywe maji. Na baada ya vitu vichachu kama ndimu na juisi kali subiri kama nusu saa ndo upige mswaki, enameli inakuwa imelainika kidogo ukiikimbilia unaikwangua.

Mambo mengine ya haraka haraka. Barafu usitafune, chupa usifungue kwa meno, kucha na vifuniko vya kalamu achana navyo. Kama unaamka taya limechoka au mtu unayelala naye anasema unasaga meno usiku, mwambie daktari, kuna kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, bila hicho utaziba kila baada ya miaka miwili mitatu ukimlaumu fundi. Kahawa, chai na sigara vinakipaka kizibo cheupe rangi, na dawa ya kung'arisha meno haibadilishi rangi ya kizibo, inang'arisha jino tu, kwa hiyo kama una mpango wa kung'arisha fanya kabla ya kuziba meno ya mbele, la nyuma halina shida nani atalichungulia. Ukiona jino limekuwa jeupe ajabu siku ile uliyoziba usigombane na mtu, lilikaushwa, likilowa mate siku moja mbili linarudi rangi yake.

Dawa za maumivu, paracetamol au ibuprofen kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti zinatosha. Ibuprofen usitumie kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au una mimba, na paracetamol isivuke gramu 4 kwa siku, ndo vidonge vinane vya miligramu 500. Ukijikuta unazihitaji kila siku zaidi ya siku tatu nne, hapo hutibu tena, unaficha. Antibiotiki usinunue, jino linaloshtuka kwa baridi au lililozidi urefu halina bakteria wa kuuliwa na kidonge, unajisumbua tumbo bure. Aspirin kuiponda ukaipachika kwenye fizi, tafadhali usithubutu, inaunguza nyama mpaka inakuwa nyeupe inabanduka. Mafuta ya karafuu nayo watu wanayapenda, na kweli yana kitu kinachotia ganzi, ila yakimwagika yanaunguza fizi na kile kitu chenyewe kinazuia kompositi isishike, kwa hiyo kama unarudi kuwekewa upya usiende umejipaka mafuta.

Wa kukimbilia kwa daktari ni hawa: jino linauma lenyewe bila kuguswa, linakuamsha usiku, kitu cha moto kinalichochea na cha baridi kinalituliza, au kimetoka kipele kwenye fizi kinachopasuka na kutoa usaha. Huyo anahitaji kutibiwa mzizi, na kutibu mzizi sio kung'oa, shemeji asikuchanganye, jino linabaki mdomoni linafanya kazi. Na uso ukivimba, ukipata homa, kumeza kukawa shida au pumzi ikabana, hiyo sio ya kusubiri miadi, ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Kuna mtego mmoja nataka uuelewe. Jino linauma wiki tatu, linadunda, hulali, alafu siku moja kimya. Mtu anashukuru anafuta miadi. Kupona kwa kweli kunakuja polepole, mshtuko unapungua siku hadi siku mpaka unausahau. Jino lililokuwa linapiga kelele usiku kucha likanyamaza ghafla, mara nyingi kiini kimekufa, na maiti haisikii baridi. Miezi mitatu minne baadae anarudi na shavu kama ameficha ndimu. Kwa hiyo likinyamaza ghafla baada ya vita kali, nenda kapige eksirei.

Kizibo chenyewe kikishatulia hakidumu milele, nyeupe mara nyingi inakwenda miaka saba mpaka kumi, ya fedha kumi mpaka kumi na tano, wapo wa zaidi na wapo wa chini, inategemea ukubwa na mdomo wa mwenyewe. Ukaguzi mara moja au mbili kwa mwaka, na mara moja moja eksirei maana uozo wa chini ya kizibo jicho halioni. Kikidondoka au kikivunjika kipande usibandike kwa supagluu, nimeshaziona, suuza mdomo, tafunia upande wa pili, nenda ndani ya siku chache. Ukikimeza usihangaike, kinatoka chenyewe.

Na kwa wale mtakaosoma hapa mkaanza kuhofia ile ya fedha mliyonayo tangu zamani kwa sababu ina zebaki: ni kweli karibu nusu yake ni zebaki, na Umoja wa Ulaya umezuia kuiweka kuanzia tarehe 1 Januari 2025 isipokuwa daktari aone ni lazima kitabibu, ila sababu kubwa ni zebaki kuingia kwenye mazingira. Kama yako imekaa vizuri haina ufa iache ilivyo, kuichimbua ndo kunatoa mvuke mwingi wa zebaki na unakula na sehemu ya jino zima bure.

Turudi kwako mdogo wangu. Piga simu kesho omba nafasi fupi, sema kizibo kimezidi, wataelewa. Siku ya kwenda usimeze dawa ya maumivu asubuhi, unataka ulisikie jino vizuri linapogusa. Ukikaa kwenye kiti mwambie hivi: baridi inashtuka sekunde kadhaa inaondoka, nikifunga mdomo hili linatangulia, naomba tuangalie mng'ato kabla hujachoma ganzi. Akishapunguza, shuka kwenye kiti, simama, funga meno umesimama, na kama bado linatangulia mwambie hapo hapo bila aibu, akurudishe. Baada ya hapo lipe wiki mbili, ile hesabu ya maji baridi ukiifanya utaona inapungua, isipopungua niandikie tena uniambie umefika ngapi.

Na huyo shemeji, kama na yeye ana jino analolikwepa miaka yote kwa ajili ya hiyo imani yake, nenda naye.